Siku Baba Aliyokwenda Kuungama

Jumapili iliyopita nilibaki kwenye benchi wakati wa Komunyo kwa sababu mtoto wangu wa mwisho alikuwa amenilalia mapajani, na mwenye mtoto wa kusumbua anajua kwamba usingizi wa kanisani hauchezewi. Mama mmoja nisiyemjua, aliyeketi kando yangu, alinitazama, akaona nimekwama, akanisukumia mkoba wake bila kuuliza, kisha akaenda zake kwenye foleni. Zipu ya mkoba ilikuwa wazi kidogo. Harufu ikanipanda puani: poda ya uso, peremende za mnanaa, leso iliyokunjwa na kusahauliwa humo. Nilifumba macho. Kwaya ilikuwa ikiimba, lakini mimi sikuwa nikiisikia tena. Nilikuwa Juba, nina meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na kando yangu Mama yangu amezungukwa na mikoba ya wanawake wa benchi zima.

Tulihamia Juba baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi, wakati kila aliyekuwa na mikono na nauli alikuwa akisema kwamba kazi ziko Sudan. Baba alikuwa mtu wa Busia upande wa Kenya, Mama mtu wa Tororo upande wa Uganda, na walipatana Malaba, mpakani, ambako Baba alikuwa akipakia malori. Huko Juba, Baba alipata kazi ya kupakua mizigo ya ndege pale uwanjani. Mama alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya mtaa wa Amarat, zile hoteli za siku zile ambazo vyumba vyake vilikuwa makontena yaliyopangwa mstari na kupakwa rangi ya maziwa. Tuliishi mtaa wa Hai Jalaba, katika vyumba viwili vya mabati ndani ya ua wa mfanyabiashara mmoja mzee. Vumbi lilikuwa jekundu, maji yaliletwa na lori, na jenereta za majirani zilikuwa zikianza kunguruma jioni, moja ikiiamsha nyingine. Mimi sikuona shida yoyote. Mtoto aliye na baba na mama chini ya bati moja huwa hana habari na ubovu wa bati lenyewe.

Jumapili asubuhi Baba alitupeleka Misa ya Kiswahili kwa pikipiki, mimi mbele kwenye tangi, Mama nyuma ameketi upande kwa adabu. Alitushusha langoni mwa kanisa, akasema, "Niombeeni," akageuza pikipiki akaondoka. Nilipomuuliza kwa nini haingii, jibu lake lilikuwa lilelile: "Ndege hazijui Jumapili, Nekesa." Na mimi niliona ni jibu la kutosha kabisa. Ndege zilikuwa kubwa kuliko sisi.

Ndani, benchi letu lilikuwa la tatu kutoka nyuma, upande wa wanawake. Komunyo ilipofika, wanawake walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipopita mbele ya Mama alimwachia mkoba wake. Wengine walimwachia na mtoto. Mama alibaki peke yake ameketi katikati ya ile mikoba, mikono juu yake, macho amefumba, midomo ikicheza kidogo. Nilijua hasa alichokuwa akifanya. Alikuwa mlinzi. Kanisa lilikuwa limejaa watu kutoka pembe zote, na ni wazi kwamba Abuna, kama wenyeji wa Juba wanavyomwita padre, alikuwa amemchagua mtu mmoja mwaminifu katika kila upande wa kanisa akae alinde mali za wengine. Nilijivuna mno. Nilikuwa nikikaa wima kando yake nikiwatazama watu kwa jicho kali, kama askari msaidizi.

Mwaka nilioanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza, fahari hiyo ilinitoka mdomoni. Mwalimu wetu alikuwa katekista aliyeitwa Mwalimu Lado, kijana mwembamba aliyekulia kambini Kenya wakati wa vita, akarudi nyumbani na Kiswahili chake, fimbo yake na kichwa kisichosahau neno. Alituuliza kila mmoja aseme wazazi wake wanamtumikia Mungu kwa namna gani. Mmoja akasema baba yake anaimba sauti ya nne. Mwingine mama yake anafua nguo za altare. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwamba Mama yangu hulinda mikoba wakati wa Komunyo.

Mwalimu Lado hakucheka. Alinitazama kwa upole ambao sikuuzoea kwake, akasema, "Vizuri, keti." Lakini msichana mmoja mkubwa aliyeitwa Keji, aliyekuwa nyuma yangu, aliniinamia sikioni.

"Malesh, pole," akasema, na kwa kweli alikuwa anaona huruma, hilo silisahau. "Si kulinda. Mama yako hajafunga ndoa ya kanisa na baba yako. Hawezi kupokea Yesu. Ndiyo maana anabaki."

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia aliyosema Keji nikitegemea akasirike, aende akawaone wazazi wa Keji. Hakukasirika. Aliuweka ungo chini.

"Ni kweli," akasema. Kiswahili cha Mama kilikuwa cha Uganda, kisichojali sana ngeli, na mpaka leo ndicho Kiswahili kinachoniingia moyoni kuliko vyote. "Mimi na baba yako iko bado na hiyo kazi ya kanisa. Nyumbani wazee walimaliza mambo yao. Kanisani, bado."

"Kwa hiyo Yesu anakunyima?"

"Hapana! Nani nasema hivyo?" Alinivuta karibu. "Yesu anajua mimi iko na njaa yake. Kila Jumapili mimi namwambia, 'Bwana, mimi iko hapa, njaa iko.' Yeye naelewa."

Nilimuuliza anangoja nini. Akasema amekwisha kwenda kwa Abuna, amekwisha kuungama, amekwisha kusema yote yanayomhusu. Abuna mwenyewe amekuja nyumbani akaongea nao wote wawili, na Baba amekubali kwa mdomo wake. Kilichobaki ni Baba aende kuungama, halafu Abuna awafungishe ndoa. Na Abuna amesema kwamba Jumapili ileile ya Komunyo yetu ya kwanza atawafungisha ndoa wote walio tayari.

"Basi si aende!"

"Yeye nasema atakwenda. Kila mara nasema atakwenda." Akauchukua ungo. "Mimi nafanya yangu, ile nyingine namwachia Mungu."

Nikamwambia kwamba kama yeye hatapokea, na mimi nitabaki naye kwenye benchi. Hapo ndipo sauti yake ilibadilika. "Wewe utaenda," akasema. "Utaenda na nguo nyeupe, na mimi nitakuona. Hiyo inanitosha." Lakini alikuwa akichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa, na hata mimi, pamoja na ujinga wangu wa mlinzi wa mikoba, niliona kwamba haikuwa inamtosha hata kidogo. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu duniani, kwamba Mama asimame nami kwenye ile foleni.

Baba naye, ukimgusia, alikuwa na jibu lake. "Tumwachie Mungu," alisema, akitabasamu na kujinyoosha kwenye kiti cha plastiki mpaka miguu ya kiti inapinda. "Wakati wake ukifika, utaona mambo yenyewe yanajipanga." Alilisema kwa sauti nzuri, nzito, ya mtu mwenye imani, na mimi nikaona basi, wazazi wangu wote wawili wamemwachia Mungu, kazi iliyobaki ni ya Mungu. Nikangoja.

Nilijua hata njia itakayopitia neema yake. Mwalimu Lado alikuwa ametufundisha kwamba neema ni zawadi ya Mungu, inatoka mbinguni, haina malipo. Sasa, kwa mtoto wa Juba wa miaka ile, vitu vilivyotoka juu vilikuwa na njia moja. Maziwa ya unga, dawa, matairi, nyanya za Nairobi, vyote vilishuka uwanjani na kupita mikononi mwa Baba yangu. Kwa hiyo kila jioni aliporudi nilimngoja mlangoni.

"Baba, leo haikuja?"

"Nini?"

"Ile ya kutoka juu."

"Kwetu sisi yote yanatoka juu," alisema akivua buti. "Leo ni nyaya, friji za hoteli, na maua ya plastiki. Sasa maua ya plastiki ni ya nini, na majani yamejaa kote? Wacha tu."

Alidhani natamani vitu vya dukani. Lakini jioni moja, wakati Mama anasonga ugali pale nje, alianza kutueleza habari za ghala. "Kuna masanduku yamelala pale tangu kiangazi," akasema. "Yamefika salama salimini. Jina limeandikwa kubwa hivi, hata Nekesa anaweza kusoma. Mwenyewe yuko hapahapa mjini. Hataki kuja kuchukua."

"Kwa nini?"

"Nani anajua? Labda anaogopa watu wa ofisini. Labda amekaa sana, sasa anaona aibu kuja."

"Hao iko wengi," akasema Mama bila kugeuka.

Baba akaomba chumvi, ingawa sufuria ya mboga haikuwa imefunguliwa. Nilidhani wanaongea juu ya masanduku.

Wiki za mwisho kabla ya Komunyo, Mwalimu Lado alianza kutufundisha kuungama. Alitaka maneno yatoke bila kigugumizi: salamu kwa padre, dhambi zenyewe, kisha ile Sala ya Kutubu mwanzo hadi mwisho. Aliyesahau alitolewa nje akasimame juani mpaka aikumbuke. "Kalas, toka," alisema, na fimbo ikaonyesha mlango. Nilisimama huko nje mara nyingi kuliko nilivyowaambia wazazi wangu. Kwa hiyo nyumbani nilifanya mazoezi kwa bidii, nikipiga magoti mbele ya mlango wa kabati, nikimwambia mlango kwamba nimekula sukari bila ruhusa.

Baba alinikuta. "Kabati halitakupa kitubio," akasema akicheka. "Njoo, mimi nitakuwa Abuna." Akageuza kiti chake upande, akajifunika taulo kichwani hadi kifuani, akatega sikio. Nilipiga magoti nikaungama sukari, nikaungama uongo mdogo, nikaungama kumcheka mke wa mwenye nyumba. Abuna wangu alikuwa akitikisika kwa kicheko chini ya taulo. Kisha nikaanza Sala ya Kutubu. Niliisema yote, mbio, bila kosa.

Nilipomaliza, taulo lilikuwa limetulia.

"Umeijua yote," akasema kutoka ndani yake.

"Ndiyo."

"Sasa, kwa mfano, mtu akifika pale ndani, akaisahau. Abuna anamfanya nini?"

Swali rahisi mno. "Anamtoa nje," nikasema. "Anasimama juani mpaka aikumbuke. Watu wote wanamwona."

Baba aliliondoa taulo. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule. Alikuwa mtu wa kubeba friji begani. Wanajeshi walipomfokea uwanjani aliwatania mpaka wakacheka. Sasa alikuwa amekaa pale na taulo mapajani kama mtoto aliyeambiwa kwamba mwalimu anamwita.

Nilikuwa mtu mzima aliponieleza. Ujanani, pale Malaba, aliingia kuungama baada ya kukaa muda mrefu bila kuungama, na maneno yakamtoroka. Padre aliyekuwa pale siku ile alikuwa amechoka, au alikuwa mkali kwa asili, akamwambia atoke akajifunze kwanza ndipo arudi. Baba akatoka mbele ya foleni nzima ya watu wanaomjua. "Nikaenda kujifunza," aliniambia, "na bado nilikuwa najifunza mpaka nikakuzaa." Hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama. Ilikuwa rahisi zaidi kusema kwamba ndege hazijui Jumapili. Nampenda kwa ajili ya mambo mengi, lakini kwa ajili ya aibu ile aliyoibeba miaka yote, na mgongo wake ulivyokuwa mpana, nampenda kuliko ninavyoweza kusema.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi, ila alisikia ya kutosha, kwa sababu alisimama pale na mwiko mkononi kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta nyumba nzima.

"Nekesa," akasema, "Abuna hafukuzi mtu. Hiyo ya juani ni ya Mwalimu Lado na nyinyi watoto kichwa ngumu. Abuna, mtu akisahau, yeye nangoja."

Alikuwa anasema nami, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Nilishangaa kidogo, kisha nikaenda kucheza.

Kuanzia kesho yake Baba alianza kunisikiliza sala kila jioni. Alisema hataki niaibike. Nami nilikuwa nasema mstari, naye anaurudia, "ili nihakikishe umesema sawa." Alikuwa mwanafunzi mbovu sana. Aliruka maneno, akayageuza, akachanganya na Baba Yetu. Mimi, niliyekuwa nikichomwa na jua la Mwalimu Lado kila wiki, nilipata mtu wa kumshinda, na sikumhurumia.

"Baba, kichwa chako ni kigumu."

"Kimebeba mizigo mingi," akasema. "Rudia pale kwa kitubio."

"Nitafanya kitubio, naomba neema yako."

"Nitafanya kitubio..." Akakwama. Kila siku alikwama palepale.

Wala mimi sikuelewa. Nilikuwa bado nangoja neema ifike uwanjani. Kila jioni nilimuuliza kama imekuja, naye alisema bado, kisha tunakaa chini yeye na mimi na sala yetu, na Mama anapika polepole kuliko kawaida ili asitukatize.

Jumamosi ya maungamo ikafika. Asubuhi Baba alisema kuna ndege ya mizigo inakuja, atajaribu kupata nafasi, Mungu akipenda. Mama alimjibu, "Sawa, Baba Nekesa," bila kumwangalia, akanishika mkono tukaenda kwa miguu. Njia nzima mkono wake ulikuwa umenibana mpaka vidole vikaniuma, lakini sikuthubutu kuutoa.

Abuna alikuwa ameketi kwenye pembe ya kanisa, nyuma ya fremu ya mbao yenye pazia la kitambaa cha zambarau. Sisi watoto tulitangulia. Niliungama sukari yangu bila kigugumizi, nikapewa kitubio changu, nikarudi kuketi na Mama. Baada ya watoto wakafuata watu wazima wa ndoa: mzee mmoja na mkewe waliokuwa na wajukuu tayari, kijana mmoja aliyerudi kutoka Khartoum na mchumba wake, wengine nimewasahau. Foleni ikafupika. Mama alikuwa na rozari mkononi lakini haikuwa inasogea. Kila mlango ulipolia aligeuza shingo, kisha akairudisha polepole, kama mtu aliyekuwa anaangalia tu hali ya hewa. Aliondoka mtu wa mwisho. Kanisa likawa kimya. Nilimsikia Abuna akikohoa nyuma ya pazia na kusogeza kiti, nikajua anajiandaa kuondoka. Nilimwambia Mungu kwamba sasa ndiyo ile saa ya mambo kujipanga, na kwamba ikiwezekana afanye haraka.

Ndipo tukasikia buti.

Baba aliingia na kizibao chake cha kazi, kile cha rangi ya chungwa kinachong'aa, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, kofia mkononi. Hakututazama. Alitembea moja kwa moja katikati ya kanisa, midomo ikicheza, mguu ukifuata mwingine kwa nguvu, kama anavyotembea mtu aliyebeba kitu kizito asichotaka kukiweka chini kabla ya kufika. Akapita nyuma ya pazia. Tukasikia goti lake likigonga ubao.

Kwa muda mrefu hatukusikia ila mngurumo wa sauti yake ya chini. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha mngurumo ukakoma, na Baba akatoka.

Mama alisimama nusu. Nilimwona uso wake ukikauka. Alidhani imekwisha, amefukuzwa, au amekimbia, na mimi nikadhani hivyohivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia kwamba watu hutolewa nje. Lakini Baba hakuelekea mlangoni. Alikuja kwenye benchi letu, akainama mpaka jasho lake na harufu ya mafuta ya ndege vikanifunika, akaninong'oneza. Na Baba yangu hakujua kunong'ona. Alisikika mpaka altareni.

"Nekesa. Baada ya 'nitafanya kitubio.' Ni nini?"

"Naomba neema yako," nikasema.

"Ee! Hiyo." Akanyooka. "Naomba neema yako. Naomba neema yako." Akarudi akiyarudia njiani, kama mtoto aliyetumwa dukani asisahau alichotumwa. Nyuma ya pazia Abuna alikuwa akicheka, kicheko cha furaha tupu, halafu kikakoma, na sauti ya Baba ikaendelea hadi mwisho wa sala. Kupitia kitambaa nikaona kivuli cha mkono wa Abuna ukiinuka.

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nilimvuta nikamwambia asilie. Aliishusha khanga, nikaona anacheka, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na hakuyafuta.

Nyumbani jioni ile Baba alieleza mambo yalivyokuwa. "Nilimwambia, Abuna, nimekwama, lakini mwalimu wangu yuko hapo nje. Akaniambia, nenda kamuulize, nakungoja." Akatikisa kichwa. "Yeye anaijua hiyo sala usingizini. Angeniambia tu. Lakini akasema niende mwenyewe nikaitafute, yeye yupo." Alilisema mara kadhaa, akimwangalia Mama, kama vile hakuamini kwamba lilikuwa jepesi vile. Nami nikakumbuka kumuuliza kama leo kuna kitu kilichofika kutoka juu. Mama na Baba walitazamana, na Baba akaniambia kwamba kilikuwa kimefika zamani.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi nje. Sisi tulikuwa mbele na nguo nyeupe, tumepakwa mafuta tukang'aa. Wanandoa walisimama wakiwa wawili wawili, mzee na mkewe wakiwa wa kwanza, wajukuu wao wakipiga makofi mahali pasipotakiwa. Baba alipoulizwa kama anakubali, aliitikia kwa sauti ya kuita mtu kutoka upande wa pili wa uwanja wa ndege. Watu walicheka. Mama alijibu lake kwa sauti ndogo, akiangalia chini, na nikaona Abuna akiinama ili amsikie.

Komunyo ilipofika, watoto tulipokea kwanza. Nilifanya kila kitu kama Mwalimu Lado alivyotufundisha: mikono, hatua, kungoja padre amalize, kisha kuitikia. Alikuwa ametuonya juu ya kuitikia mapema kuliko kosa lingine lolote. Nilirudi mahali pangu, nikapiga magoti, na badala ya kufumba macho nikageuza kichwa kumtafuta Mama.

Alikuwa kwenye foleni, Baba nyuma yake. Alikuwa na gauni la kijani na kitambaa kichwani, na alitembea taratibu, mikono ameiweka moja juu ya nyingine tayari, tangu mbali, watu wengi wakiwa bado mbele yake. Nilimwona akifika. Abuna aliinua hostia, akafungua mdomo, na kabla hajatamka neno hata moja Mama alisema, "Amina."

Alilisema kwa sauti. Kanisa la mbele lote lilisikia. Nilishikwa na aibu hadi masikioni, nikajua Mwalimu Lado atamtoa nje. Abuna hakumtoa. Alibaki ameshika hostia mbele yake akimtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mwili wa Kristo," akasema.

"Amina," akasema Mama tena, na akapokea.